Fomu ya Wajane

Ofisi iko ghorofa ya pili, mtaa wa nyuma, Upanga.
Lifti imekufa tangu Pasaka.
Ndiyo, ofisi ya majeruhi wa vita
iko ghorofa ya pili.
Salehe hupanda ngazi kwa makalio,
mguu wa bandia kwapani kama mkate wa boflo,
na kila kidato hukitukana
kwa jina la ofisa mwingine.

Dirishani nilitoa cheti changu:
Koplo Restituta Mbawala, mawasiliano,
Kyaka hadi Masaka, mwaka sabini na tisa.
Kijana akakisoma kama anasoma barua ya jirani,
akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu
kumtafuta mwanamume aliyenileta.
"Mama, nyie mnajaza hii ya waridi."
Ya wajane.
Nikamwambia sijafiwa. Sijawahi hata kuolewa.
Akasema, bila ubaya wowote,
kompyuta haina nafasi nyingine.

Basi, ili nipate changu
sharti kwanza nifiwe.
Usiku ule nilijaribu kumbuni marehemu mume wangu:
nikampa cheo, nikampa kikohozi,
nikamzika Kinondoni siku ya mvua.
Alfajiri nikamwonea huruma, nikamfufua,
nikaichana fomu.

Mgambo wao hawana hata ya kuchana.
"Hamkuwa jeshi," wanaambiwa.
Kipande cha chuma kilichomo begani mwa Mang'enya
hakikuuliza namba ya ajira.

Siku ya wafadhili tukaoshwa, tukavikwa fulana.
Viti arobaini vya magurudumu, lilisema bango.
Mimi niliona kimoja.
Salehe akaketishwa, picha, akashushwa.
Mang'enya, ambaye miguu yake mizima,
akaketishwa, picha, akashushwa.
Kiti kikatuzunguka
kama kata moja kwenye mtungi wa msiba,
na kila aliyeshuka alitia dole gumba
kwenye karatasi iliyokunjwa juu, isisomeke.
Kisha malenga wa kukodi akapanda jukwaani:

*Mwenyekiti baba yetu, wewe ndiwe tegemeo,*
*Umefuta chozi letu, kwa wako upendeleo,*
*Tumepata viti vyetu, na dawa, na hata vyeo…*

Wa nne ulimpotea. Spika ikapiga mluzi.
Kutoka mkeka wa nyuma Salehe akamsaidia:

*Na Goba, kwa pesa zetu, waezeka jumba leo.*

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alikohoa,
akaendelea kukohoa muda mrefu kupita haja.
Mwezi uliofuata jina la Salehe
halikuonekana kwenye orodha ya dawa.

Mimi nilifundishwa kazi moja:
andika unachosikia, usiongeze neno.
Redio ikikwaruza, andika imekwaruza.
Nina kaunta-buku, jalada jeusi, la duka la Keko.
Tarehe. Nani alitia dole. Alipewa nini mkononi.
Aliyepewa mchele kilo mbili, nimeandika mbili,
ingawa risiti niliyoiona mezani ilisema hamsini.
Gari la wagonjwa: nimeliona mara moja,
limepakia kreti za soda za harusi.
Sikuandika "wezi".
Hilo hakuna aliyelitamka hewani.

Jumatano iliyopita akaja mkaguzi,
kijana wa tai, anahema kwa ngazi.
Nilimweleza lifti, akatikisa kichwa.
Akalifungua daftari langu, akalifunua polepole,
akarudi ukurasa wa kwanza,
akavua miwani.
"Mama, kazi hii ni nzuri sana," akasema.
Akachukua kalamu, kichwa kikiwa chini.
"Nikuandike mjane wa nani?"

Nje mtu alikuwa anapanda, tulimsikia:
kidato, tusi, kidato.

Nikavuta kiti karibu.
Nikamtajia namba yangu ya jeshi
taratibu, tarakimu moja moja,
nikinyamaza kidogo baada ya kila moja,
kama nilivyokuwa nikifanya zamani
wa upande wa pili akiwa hasikii vizuri.